Vumbi la Mawe na Vyumba vya Seli

Mama mmoja alimleta mwanawe katika wodi yetu, kijana aliyekuwa ametoboa miamba machimboni kwa miaka kadhaa. Alikuwa anakohoa, na vipandio vitatu tu vya mlangoni vilimfanya asimame apumzike. Mama akaniambia, "Sista, dawa za kifua kikuu amemeza zote, miezi 6, mimi mwenyewe nikimsimamia. Mbona pumzi haimrudii?" Makohozi yakapimwa, hayakuwa na vijidudu. Picha ya eksirei ndiyo iliyotoa jibu: mapafu yalikuwa na makovu ya vumbi la mawe, ugonjwa uitwao silikosisi. Mama akashangaa. Vumbi tunalivuta sote kila siku barabarani, litamwangushaje kijana mwenye nguvu?

Ili kumjibu inabidi tuingie ndani ya seli, yaani zile chembe hai ndogo zinazojenga mwili wetu. Shuleni wengi tulifundishwa kwamba seli ni kifuko cha ute chenye kiini katikati. Si uongo, lakini ni kama kusema nyumba ni kuta na paa. Ndani ya seli mna vyumba. Kiini hutunza maagizo ya urithi. Mitokondria hutoa nguvu kutokana na chakula. Kila chumba kimezungushiwa utando wake mwembamba, na huo utando ndio unaowezesha kazi zinazopingana kufanyika kwa wakati mmoja: huku kunajengwa, kule kunavunjwa. Hata wewe nyumbani kwako huweki mafuta ya taa ndani ya debe la unga.

Chumba kinachotuhusu leo kinaitwa lisosomu. Ni kifuko cha kumeng'enyea. Asidi iliyomo ni kali zaidi ya mara 100 kuliko ute unaokizunguka, na mna vimeng'enya vya aina zaidi ya 50 vinavyoweza kuvunjavunja protini, mafuta na hata sehemu za seli zilizochakaa. Vingemwagika vyote, seli ingejila yenyewe.

Namna kifuko hiki kilivyogunduliwa hunifurahisha kila nikiikumbuka. Mwaka 1949, huko Ubelgiji, Christian de Duve na wenzake walikuwa wakipima kimeng'enya kimoja katika ini la panya. Wakakuta kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya walichotarajia. Wakaweka kile kipimo katika jokofu, na baada ya siku 5 wakapima tena. Kimeng'enya kikaonekana kingi! Hakikuwa kimetengenezwa upya. Kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na kuta zake zilipochakaa kikatoka. Mwaka 1955 vifuko hivyo vikapewa jina la lisosomu, na mwaka 1974 de Duve akashiriki Tuzo ya Nobel.

Sasa turudi kifuani. Ndani kabisa ya mapafu wapo walinzi, seli zinazoitwa makrofaji. Mlinzi akikutana na kijidudu au chembe ya uchafu huimeza, akaifunga katika kifuko, kisha kifuko hicho huungana na lisosomu ili kilichomezwa kimeng'enywe. Vumbi la barabarani aghalabu lina chembe kubwa, hunaswa puani na kooni kabla ya kufika huko. Lakini kutoboa mwamba mkavu kwa mashine hutoa chembe za silika zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Hizo hufika hadi mwisho wa njia ya hewa.

Mlinzi huzimeza kama kawaida. Hawezi kuzimeng'enya, kwa kuwa ni jiwe. Tena jiwe hilo lililovunjwa karibuni huharibu utando wa lisosomu. Asidi na vimeng'enya humwagika, mlinzi hufa, na chembe ile hubaki vilevile. Mlinzi mwingine huja akaimeza, naye akafa. Penye vifo hivyo mwili hujenga kovu, na kovu halipitishi hewa. Ndiyo maana ugonjwa waweza kuendelea hata mtu akisha kuacha machimbo.

Kijidudu cha kifua kikuu nacho hukilenga chumba hichohicho, ila kwa hila nyingine. Kikishamezwa, huzuia kifuko chake kisiungane na lisosomu, kikakaa humo salama. Basi fikirini mapafu ambayo walinzi wake wanakufa kwa vumbi: kifua kikuu hupata mlango wazi. Wenye silikosisi huupata kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine. Dawa za yule kijana hazikupotea bure, kwa maana ziliua vijidudu. Makovu hayana dawa ya kuyaondoa.

Kwa hiyo kazi ni kuzuia vumbi lisiingie. Mwamba utobolewe kwa maji, usitobolewe mkavu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe hizo ndogo. Inatakiwa barakoa maalumu inayobana uso vizuri. Nguo za kazini zisikung'utwe nyumbani penye watoto, zilowekwe kwanza. Nawaambia pia akina mama wanaogonga kokoto: mwagieni mawe maji. Na ukifika hospitali, taja kazi yako hata usipoulizwa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliuliza umri na kijiji tu, kazi sikuuliza.

Yule mama ana mwana mwingine, mdogo wake huyu, naye yuko machimboni na hakohoi. Nimemwomba amlete apigwe picha.