Maswali na Majibu: Lengo la Ubia Likibadilika, Nani Anabaki na Nini?

Shirika letu limealikwa kuingia ubia na kampuni kubwa na mfadhili wa nje. Tuangalie nini kwanza?

Angalieni mkataba unasemaje iwapo lengo litabadilika kazi ikiwa imeshaanza. Mwanzo wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu nchini Kenya, unaonyesha uzito wa jambo hili. Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni 1, kampuni ya simu ya Vodafone ikachangia kiasi kama hicho, kampuni ya simu ya Kenya, Safaricom, ikaleta mtandao na mawakala, na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo iliyozaliwa na shirika la misaada, ikaleta wateja. Majaribio yalipoanza Oktoba 2005, shabaha ilikuwa mkopaji alipe rejesho lake kwa simu. Wateja waliipokea huduma, ila kwa shida zao wenyewe: wakatumiana pesa, wakalipana madeni ya biashara, na wengine wakahifadhi humo fedha za safari. Faulu ilielemewa. Vikundi vyake vilikutana kila wiki na wanachama walidhaminiana wakionana uso kwa uso. Aliyelipa kwa wakala hakuwa na sababu kubwa ya kuhudhuria tena. Mfumo wa simu haukuunganishwa na vitabu vya Faulu, hivyo wafanyakazi wakawa wanaingiza marejesho kwa mkono. Machi 2007 ikazinduliwa huduma ya kutuma pesa, na marejesho ya mikopo hayakuwa tena kiini chake.

Lakini si wazo bora ndilo lililoshinda?

Ndilo, na mamilioni ya Wakenya wamenufaika. Kulazimisha lengo la kwanza kungekuwa kosa kubwa. Ninachokataa ni kudhani kwamba faida ya umma inafuta gharama ya aliyebeba majaribio. Mwelekeo ukigeuka, kampuni hubaki na teknolojia na mfadhili hubaki na ripoti ya mafanikio, huku shirika dogo likibaki na kazi ya kuwarudisha wateja kwenye utaratibu wa zamani. Basi yaandikwe mapema: nani atagharamia kurudi huko, taarifa za wateja ni za nani, na huduma mpya ikizaliwa, shirika litaitumia kwa bei gani. Mfadhili asijitoe hapa kwa kisingizio cha kutopendelea upande. Yeye ndiye anayeweza kuzuia awamu ya kwanza ya fedha hadi vifungu hivyo viandikwe.

Kampuni haitakimbia?

Baadhi zitasita, na inayokataa hata kuvijadili vifungu hivyo imewaonya mapema. Kampuni inayolifuata shirika la kijamii inahitaji imani ambayo watu wamelijengea shirika hilo kwa miaka mingi, na imani hiyo haiuzwi dukani. Uzito wa kauli yenu uko hapo, lakini ni kabla ya kutia saini. Majaribio yakiisha, kampuni inawajua wateja wenu kwa majina na namba za simu.