SOMO LA MWEZI: MAGOTI YA KUSHUKIA MLIMA

Masomo ya kusoma nyumbani: 1 Wakorintho 9:24-27; Waebrania 12:1-13



Vijana kadhaa wa kwetu hapa Bujumbura wameniletea neno: wanataka kujiandaa kwa marathoni ya milimani. Wazazi nao wameniuliza kama jambo hilo lina maana au ni kumaliza nguvu na chakula bure. Somo hili ni jibu kwa pande zote mbili. Nitaanza na miguu, kisha nitafika kwenye sahani.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ile ya milimani ina mwendo kama huo, lakini njia inapanda na kushuka. Kwa majirani zetu zipo. Moshi, Tanzania, watu wanakimbia chini ya Kilimanjaro tangu 2003, na katika njia yake kuna mahali pa kupanda kuelekea Mweka wakati miguu imekwisha kuchoka. Kasese, Uganda, wanakimbia chini ya Rwenzori tangu 2022. Mji wetu wenyewe ni uwanja wa mazoezi ambao wengine wangeulipia. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na milima iliyo nyuma ya mji inapita mita 2,000. Mlima Heha, mrefu kuliko yote Burundi, unapita mita 2,600. Mtu akitoka Buyenzi asubuhi anaweza kuanza kwenye joto la ziwa na kumaliza kwenye baridi ya kuvaa sweta.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za mbio hakutoa mfano wa mbali. Karibu na mji wao yalifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Walijua mazoezi ni nini. Sisi mara nyingi tunasoma sura ile tukiwaza siku ya taji tu, tunairuka miezi iliyotangulia.

Sasa miguu. Kijana akipanda mlima, moyo unapiga na pumzi inakatika, naye anadhani kazi yote iko hapo. Akifika juu anafurahi, anajiachia kushuka mbio kama mbuzi. Jioni anasema hajaumia. Keshokutwa hawezi kukaa kwenye kigoda bila kushika ukuta! Sababu yake ni hii. Katika kupanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja na kuusukuma mwili. Katika kushuka, misuli hiyo hiyo inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa kurefuka, na nyuzi zake ndogo zinachanika. Maumivu yake hayaji mara moja. Huongezeka siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua. Wale walioshuka kwa miguu kutoka Itombwe na Minembwe hadi bonde la Ruzizi hawahitaji mwalimu wa jambo hili. Walivuka milima siku nyingi, na magoti yakaanza kutetemeka walipoona tambarare.

Lakini Mungu ameuumba mwili na uwezo wa kujifunza. Mteremko mdogo wa leo unaikinga misuli kwa wiki kadhaa zinazofuata. Ukirudia mteremko ule ule, maumivu ni madogo kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo anayejiandaa na mlima ajifunze kushuka tangu mwanzo, kidogo kidogo. Achague mteremko mpole wa udongo, ashuke kwa dakika tano, hatua fupi na za haraka, magoti yamekunjwa kidogo, bila kujitupa nyuma na kupiga kisigino chini. Wiki inayofuata aongeze kidogo. Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinamtosha anayeanza, na katikati yake siku za kutembea tu au kupumzika. Kila wiki ya nne apunguze, hata kama anajisikia na nguvu. Mazoezi yanabomoa, usingizi na chakula ndivyo vinavyojenga. Kijana anayekimbia kila siku ili amshinde mwenzake anabomoa tu.

Kwa hiyo msishangae mkiona wiki mbaya baada ya wiki nzuri. Maendeleo ya mkimbiaji yanafanana na njia yenyewe ya mlimani. Lakini kuna dalili ambazo si za kuvumilia: moyo kupiga haraka asubuhi kabla ya kuamka kitandani, usingizi kukimbia, hasira bila sababu, maumivu ya mfupa mahali pamoja yanayozidi kila siku. Hapo pumzika. Mwenye homa asikimbie kabisa, aende kupima malaria. Nanyi akina mama, msione haya kumwuliza binti anayefanya mazoezi kama siku zake za mwezi zinakuja. Zikikoma, mara nyingi chakula hakitoshi kwa kazi anayoifanya, na mifupa yake inaweza kudhoofika. Mpelekeni kituo cha afya.

Neno juu ya barabara. Msifanye mazoezi kwenye barabara kuu ya kwenda Bugarama. Mnawajua wale wenye baiskeli wanaoshikilia nyuma ya malori wakati wa kupanda, kisha wanateremka na ndizi na makaa kwa mwendo unaotisha. Hakuna nafasi ya mkimbiaji pale. Tafuteni njia za udongo za vilimani. Tena, vikundi vya kukimbia vya Bujumbura, vile vinavyoimba Jumamosi asubuhi, ni desturi ya zamani. Miaka ya vita watu walikimbia pamoja kwa ajili ya usalama. Hata hivyo, Machi 2014 wenye mamlaka waliagiza vikundi vikimbie mahali palipotengwa tu. Sisi ni wageni. Kabla ya kukusanyika watu wengi, ulizeni kwa mkuu wa kartie, na kila mmoja abebe kitambulisho chake cha mkimbizi.

Kuna kushuka kwingine, kule kwa kungoja. Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1996, kule Atlanta. Mkimbiaji Dieudonné Kwizera alikuwa ameikosa michezo ya 1988 na 1992, si kwa udhaifu wa miguu, bali kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Fikirini kufanya mazoezi miaka yote hiyo bila kujua kama kuna mbio. Mwaka 1996 Vénuste Niyongabo, aliyetegemewa sana katika mita 1,500, alimwachia Kwizera nafasi yake, naye akaenda kukimbia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa hajazikimbia ila mara mbili tu maishani. Tarehe 3 Agosti alizishinda, akimtangulia Mkenya Paul Bitok kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Burundi. Watu wanaikumbuka dhahabu. Mimi nafikiri zaidi juu ya yule aliyengoja miaka minane.

Wakimbizi kama sisi nao wamepita njia hii. Bingwa Tegla Loroupe wa Kenya aliwachagua vijana kutoka Kakuma, akawaweka Ngong, kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi. Katika majaribio, Rose Lokonyen alikimbia bila viatu akawa wa pili. Mwaka 2016 watano kati yao walikwenda Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Mwanzoni wengi waliumia miguu kwa sababu ya viatu visivyowafaa, kwa hiyo anayenunua kiatu cha chagua sokoni asiangalie rangi, aangalie kama soli haijalala upande mmoja na kama vidole vina nafasi ya kusogea mbele anaposhuka. Dominic Lobalu alipitia timu hiyo ya Loroupe, akaishia Uswisi, na mwaka 2024 alishinda mita 10,000 za Ulaya. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini huyo ni mmoja, na nawasihi vijana wasipige hesabu ya maisha yao kwa mtu mmoja.

Sasa sahani, na hapa wazazi wasome mara mbili. Mtu akikimbia hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 15 anatumia kalori 900 hivi, na milimani zaidi. Hizo ni sawa na robo kilo ya unga wa mahindi. Marathoni nzima ni kama 2,500. Posho kamili ya mkimbizi hupimwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mnajua wenyewe kwamba miaka hii posho imepunguzwa mara nyingi. Kwa hiyo kila anaporudi kutoka kilimani, ile robo kilo inatoka mahali. Ikiwa haitoki kwenye sahani ya mdogo wake, inatoka kwenye mifupa yake mwenyewe.

Nasema wazi, hata kama vijana watanung'unika: nyumba inayokula mara moja kwa siku isimwandae mkimbiaji wa marathoni. Akimbie kilomita tatu au tano, mara mbili kwa wiki, ajifunze kupanda na kushuka vizuri. Ujuzi huo hautapotea, na kama siku ya chakula cha kutosha ikija, miguu yake itakuwa inajua kazi. Kwa nyumba yenye uwezo kidogo, mkimbiaji mwenyewe atafute ile robo kilo: alime lengalenga nyuma ya nyumba, afanye kibarua, alete ndagala kabla hajaleta njaa.

Waebrania 12 tunapenda kuisoma mstari wa kwanza, ule wa mbio, tukaishia hapo. Endeleeni hadi wa 12 na wa 13. Mwandishi anataja magoti yaliyolegea, na njia za kunyoosha ili aliye kilema apone badala ya kuzidi kuumia. Katika ibada za nyumbani wiki hii zungumzeni mistari hiyo miwili pamoja na swali la chakula: katika nyumba yetu, nani anakimbia, na nani anamlipia?

Anayetaka kuanza aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya kanisa. Aje na mzazi au mlezi wake. Siku ya kwanza hatutakimbia. Tutatembea kupanda hadi kwenye kilima cha kwanza, na tutatumia muda mwingi kujifunza kushuka.