Joto, Sumaku na Kitenzi "Kuyeyusha": Mfano wa Tanuri za Wahaya

1.0 Utangulizi
Makala haya yanadai kwamba kitenzi "kuyeyusha", kinapotumiwa kuelezea uzalishaji wa jadi wa chuma miongoni mwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, huficha kiini cha kazi hiyo.

2.0 Mabadiliko ya Mtapo
Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery namna chuma kilivyozalishwa zamani. Mtapo ulichomwa kwanza kwa kuni: joto likaondoa maji, ikabaki hematiti, ambayo usumaku wake ni hafifu. Tanurini, gesi ya makaa iliondoa oksijeni hatua kwa hatua: hematiti ikawa magnetiti yenye usumaku mkubwa, kisha wustiti, hatimaye chuma.

Hata hivyo, joto pekee haliamui matokeo. Chembe za nano za magnetiti zikipashwa joto kali penye hewa, huishia kuwa hematiti. Usumaku wao hupungua sana na haurudi kwa kupoa. Magnetiti iliyokingwa na hewa hupoteza usumaku ifikapo nyuzi 580 hivi za Selsiasi, lakini huurejesha ikipoa, kwa kuwa haijawa dutu nyingine.

3.0 Hitimisho
Barafu ikiyeyuka hubaki maji yaleyale. Mtapo, kinyume chake, uligeuka dutu nyingine. Kilichoyeyuka hasa ni mavi ya chuma. Kwa hiyo inapendekezwa kazi hiyo iitwe "kutenga chuma", ili istilahi isipunguze ujuzi wa mafundi hao.