Kamera ya Video kwa Safari ya Tsavo: Ushauri kwa Msafiri wa Nunguni

Mkazi wa Nunguni akitaka kuona tembo hana haja ya kwenda mbali. Akishuka kutoka vilima vya Kilungu hadi barabara kuu ya Mombasa, akapita Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, atafika Mtito Andei, na lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi li papo hapo. Milima ya Chyulu, iliyotangazwa mbuga ya taifa mwaka 1983, iko karibu zaidi. Wakati wa likizo shule, vyama na vikundi vya kanisa hukodi magari kwenda huko, na kila kundi lina mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupiga video. Makala hii ni yake, hasa kama kundi limechanga pesa na kumwambia atafute kamera.

Muuzaji atakuambia kwanza kuhusu 4K. Ni kweli kwamba picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, mara nne ya ile ya Full HD, na inafaa ukitaka kukata kipande cha picha baadaye. Lakini kwa wanyama wa porini, swali la kwanza ni lenzi inafika wapi. Chukua tembo dume mwenye kimo cha mita 3, amesimama mita 100 kutoka barabarani. Ukimpiga kwa lenzi kuu ya simu, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 26 hivi kwa kipimo cha kamera za filamu ya milimita 35, atachukua takriban sehemu moja ya ishirini na sita ya kimo cha picha. Kwa lenzi ya milimita 600, tembo huyohuyo anakaribia kuijaza picha kutoka nyayo hadi mgongo. Hondohondo mwenye urefu wa sentimita 40 hivi, akiwa juu ya mgunga ulio umbali wa mita 20, atachukua zaidi ya nusu ya kimo cha picha kwa lenzi hiyo. Kwa hiyo milimita 500 hadi 600 ndicho kiwango ninachokipendekeza kwa Tsavo. Chini ya milimita 300 utarudi na video nzuri ya mandhari, si ya wanyama.

Hakikisha zumu unayotajiwa ni ya lenzi yenyewe. Zumu ya kidijitali huchukua picha iliyokwisha kunaswa na kuikuza, nayo hufifia kadiri inavyokuzwa. Kwenye boksi namba kubwa kuliko zote mara nyingi ndiyo hiyo ya kidijitali. Tafuta ile ndogo iliyoandikwa kando yake.

Kamera zinazofaa kazi hii ni za namna tatu. Kuna kamera ya video ya mkononi, kama Sony FDR-AX53, ambayo zumu yake ya lenzi ni mara 20 na inafika karibu milimita 536. Ni nyepesi, na ina uthabiti mzuri sana mkono unapotetemeka. Kuna kamera ambayo lenzi yake ndefu haibanduki. Sony RX10 IV inaanzia milimita 24 na kuishia 600, na sensa yake ni ya inchi 1. Nikon P1000 inafika hadi milimita 3,000. Halafu kuna kamera ya kubadilisha lenzi, ambayo ndiyo wapiga video wengi wa harusi wanayo.

Milimita 3,000 zinavutia, na kwa kupiga mwezi hakuna cha kushindana nazo. Lakini P1000 ikivutwa hadi mwisho lenzi yake hufunguka f/8 tu, maana yake inapokea mwanga kidogo, na wanyama wa Tsavo wanaonekana vizuri zaidi alfajiri na jioni, wakati mwanga wenyewe ni mchache. Mchana wa saa saba hali si bora: hewa ya moto juu ya ardhi huleta mazigazi, na simba aliye mbali huonekana akicheza kama yuko chini ya maji. Hakuna kamera inayotibu hilo. RX10 IV hubaki f/4 hata kwenye milimita 600, na tofauti hiyo kutoka f/8 ni mwanga mara nne. Ndiyo sababu ningechagua lenzi fupi yenye mwanga kuliko ndefu yenye giza.

Kamera ya kubadilisha lenzi hutoa picha bora, lakini lenzi ndefu pekee inaweza kugharimu kuliko kamera. Isitoshe, vumbi jekundu la Tsavo, lile linalowapaka tembo rangi ya matofali, huingia ndani mara tu unapobandua lenzi. Mtu anayeanza asikimbilie huko. Kama ni safari moja tu, mwendee mpiga video wa karibu ukodi kamera yake, au umlipe aje nayo.

Usitumie pesa zote kwenye kamera. Theluthi moja ya bajeti iende kwenye vifaa. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo memori kadi ya GB 64 haimalizi hata saa moja na nusu. Nunua kadi mbili zenye alama ya V30, na betri ya pili. Betri ya tatu ni afadhali kuliko kujuta ukiwa Kilaguni, ndani ya Tsavo Magharibi.

Tripodi ndani ya gari haina kazi, na ndani ya mbuga huruhusiwi kushuka isipokuwa mahali palipotengwa. Shona mfuko wa turubai au jinzi, utie kilo mbili za ndengu, uufunge vizuri na kuuweka kwenye dirisha la gari, kisha ulaze lenzi juu yake. Wapiga picha wa kimataifa hununua mifuko ya namna hii dukani. Sisi wa Makueni na Kitui tunalima kinachojaza. Mwombe dereva azime injini, kwa sababu mtetemo wake unaonekana wazi kwenye milimita 600. Kila tukio lipige sekunde 10 au zaidi bila kuhamisha kamera.

Sauti husahaulika. Upepo wa Chyulu unaweza kufunika kila kitu, kwa hiyo chagua kamera yenye tundu la maikrofoni ya nje, na maikrofoni iwe na kifuniko cha manyoya. Jambo jingine: umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kamera kwenye picha 25 au 50 kwa sekunde, la sivyo taa za hoteli zitamemeta kwenye video. Na ukishuka kutoka baridi ya Nunguni hadi joto la Kibwezi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, ili lenzi isishike unyevu.

Dukani nenda na memori kadi yako. Omba kutoka nje, vuta zumu hadi mwisho kwenye kibao cha jengo la mbali, rekodi dakika mbili, kisha utazame kwenye kompyuta na si kwenye kioo kidogo cha kamera. Kwa kamera iliyotumika, elekeza lenzi angani utafute madoa, angalia kama ndani ya vioo kuna ukungu, sikiliza kama zumu inakwaruza. Dai risiti na dhamana itakayoheshimiwa Kenya.

Droni iache nyumbani. Kuirusha kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na ndani ya mbuga hairushwi bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Filamu ya biashara nayo inahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222.

Ukifika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ingia kwenye chumba cha kioo kilichozama majini. Hapo ndipo watengenezaji wa filamu za wanyama Alan na Joan Root walipopiga filamu ya viboko chini ya maji, na kiboko mmoja akamng'ata Alan mguuni. Gusisha lenzi kwenye kioo, uzime kila taa, nawe utapata samaki bila kulowa.

Kifaru wa hifadhi ya Ngulia, katika mbuga hiyohiyo, anahitaji tahadhari zaidi. Simu na baadhi ya kamera huandika ndani ya faili mahali hasa video ilipopigwa, na jangili anaweza kusoma. Zima huduma hiyo ya kuandika mahali kabla ya kuingia langoni, na usitaje mahali wala saa unapoiweka video ya kifaru mtandaoni.