SOMO LA SOKO: Kamera ndogo ya bei kubwa, mnunuzi wa Mwanga apime nini?

MFANYABIASHARA wa dagaa mjini Kigoma huanza kazi kabla jua halijachomoza. Mitumbwi iliyovua usiku kwa taa hurejea alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, na bei hupatanwa papo hapo. Kigoma iko magharibi ya mbali lakini inafuata saa zilezile za Dar es Salaam, hivyo jua lake huchelewa kwa takriban dakika 40. Saa 12 asubuhi, wakati Kariakoo kunapambazuka, Kibirizi bado kuna giza au mwanga hafifu.

Hali hiyo ndiyo inayopaswa kuamua kamera ya kununua. Mfanyabiashara wa Mwanga anayetaka kumwonyesha mteja wa mbali ubora wa mzigo wake anahitaji picha yenye rangi ya kweli. Dagaa wazuri wakipigwa picha mbaya huonekana wamefifia au wamechacha, na mteja hushusha bei kabla ya kuuona mzigo wenyewe. Kamera hiyohiyo ndiyo itakayotumika jioni kwa watoto nyumbani, Jumamosi kwa harusi, na safarini.

Somo la wiki hii linahusu kamera ndogo za dijitali za daraja la juu, yaani zile zinazoingia mfukoni, zenye lenzi isiyobadilishwa, lakini zenye uwezo unaokaribia kamera kubwa za studio.

Hali ya soko

Simu janja zimeua soko la kamera ndogo za bei nafuu. Kwa mujibu wa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za lenzi isiyobadilishwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 2. Watengenezaji wameacha daraja la chini na kubaki zaidi na daraja la juu, ambako bei imepanda badala ya kushuka.

Zifuatazo ni bei za baadhi ya kamera zilipozinduliwa Marekani, kwa takriban. Si bei za leo, bali ni kipimo cha kulinganishia:

Sony RX100 (2012): dola 650
Ricoh GR III (2019): dola 900
Canon G7 X Mark III (2019): dola 750
Sony RX100 VII (2019): dola 1,200
OM System TG-7 (2023): dola 550
Fujifilm X100VI (2024): dola 1,600

Mnunuzi anayeagiza nje aongeze nauli, kodi na tofauti ya kubadilisha fedha. Kiwango cha kodi kiulizwe ofisi ya mapato kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika.

Kipimo cha kwanza: kipokezi cha mwanga

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kipande kinachofanya kazi iliyofanywa zamani na filamu. Hapa kitaitwa kipokezi. Kadiri kilivyo kikubwa, ndivyo kinavyokusanya mwanga mwingi, na ndivyo picha ya alfajiri inavyokuwa safi bila chengachenga.

Kipokezi cha TG-7, sawa na cha kamera nyingi za bei nafuu za zamani, kina eneo la milimeta za mraba takriban 28. Kile kinachoitwa cha inchi 1, kilichomo katika Sony RX100 na Canon G7 X, kina takriban 116, yaani mara 4. Cha Ricoh GR III na Fujifilm X100VI kina takriban 367, yaani zaidi ya mara 3 ya kile cha inchi 1.

Mnunuzi asidanganywe na jina. Kipokezi cha "inchi 1" hakifikii inchi moja upande wowote. Vipimo vyake ni milimeta 13.2 kwa 8.8, na jina hilo limerithiwa kutoka katika mirija ya kamera za televisheni za zamani.

Megapikseli, ambazo wauzaji huzitaja kwanza, zije mwisho. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji takriban megapikseli 9 ili isafishwe vizuri. Kamera zote zilizotajwa hapo juu zinavuka kiwango hicho.

Kipimo cha pili: tundu la lenzi

Mbele ya lenzi huandikwa namba kama 1.8-4.9. Namba ndogo maana yake ni tundu pana na mwanga mwingi. Namba ya kwanza ni ya lenzi ikiwa haijavutwa. Ya pili ni ya lenzi ikivutwa mpaka mwisho ili kuleta karibu kitu kilicho mbali.

Namba zote mbili zisomwe. Sony RX100 ya mwaka 2012 ina 1.8 mwanzoni na 4.9 mwishoni. Lenzi hiyo ikivutwa mpaka mwisho, mwanga unaokifikia kipokezi hupungua hadi takriban sehemu moja ya saba. Canon G7 X Mark III ina 1.8 hadi 2.8, hivyo hupoteza kidogo zaidi ya nusu tu. Sony RX100 VII huvuta mbali zaidi, hadi milimeta 200 kwa kipimo cha kamera za filamu, lakini huanza na 2.8 na kuishia 4.5. Ni nzuri kwa mtumbwi ulio mbali saa 4 asubuhi, si kwa kapu la dagaa saa 12.

Ricoh GR III na Fujifilm X100VI hazivuti kabisa. Mpiga picha husogea kwa miguu. Ricoh ina tundu la 2.8 na Fujifilm la 2, na ukubwa wa vipokezi vyao hufidia upungufu huo.

Kipimo cha tatu: mchanga, maji na fundi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Lenzi ya kamera hizi haing'oki, hivyo vumbi likiingia ndani mwenye kamera hawezi kulifuta mwenyewe. Lenzi inayochomoza na kurudi kila kamera inapowashwa huweza kuingiza mchanga wa ufukweni. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na kamera inayopelekwa kwa fundi huko haifanyi kazi hapa.

TG-7 imetengenezwa kuhimili maji hadi kina cha meta 15, na lenzi yake haichomozi. Anayeshinda ndani ya boti ziwani ana sababu ya kuichagua, akijua kwamba kipokezi chake ni kidogo na picha za gizani zitakuwa dhaifu. X100VI huhimili vumbi na manyunyu pale tu inapofungwa pete na kioo cha kinga mbele ya lenzi, na gharama ya vitu hivyo ihesabiwe mapema.

Betri nayo isisahauliwe. Kwa vipimo vya watengenezaji, Ricoh GR III hupiga picha takriban 200 kwa chaji moja, Canon G7 X Mark III takriban 235, na Sony RX100 VII takriban 260. Kwa harusi moja hiyo haitoshi. Bajeti iwe na betri moja ya ziada, kadi mbili za kumbukumbu na mkoba unaofungwa vizuri.

Kabla ya kulipa

Kamera nyingi za aina hii hupatikana zikiwa zimetumika. Mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo dukani:

1. Awashe na kuzima kamera mara 10. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza wala kusita.
2. Apige ukuta mweupe, tundu likiwa limebanwa hadi namba 11 ikiwa kamera inafika huko. Madoa yanayojirudia mahali palepale katika kila picha kwa kawaida ni vumbi la ndani.
3. Apige kitu kilicho pembeni penye giza bila flashi, kisha akuze picha na kuitazama.
4. Afungue orodha ya lugha. Baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina maelekezo ya Kijapani pekee.
5. Alinganishe namba ya kamera na ya kwenye boksi, na adai risiti yenye namba hiyo.

Uamuzi

Kwa mfanyabiashara anayepiga mizigo alfajiri na familia jioni, kamera ya kipokezi cha inchi 1 yenye tundu la 1.8 hadi 2.8 ndiyo inayofaa kazi nyingi kwa bei ya wastani. Kwa anayepiga watu na mitaa, na asiyejali kuvuta, Ricoh hutoa picha bora zaidi na huingia mfukoni. Fujifilm ni kwa yule ambaye picha zenyewe zinamwingizia fedha za kuirudisha gharama. Wa majini achukue ya majini.

Na ambaye simu yake inampa picha zinazouza mzigo, akiwa ameipima saa 12 asubuhi pale Kibirizi na si mchana dukani, hana haja ya kununua kamera. Fedha hiyo ni mtaji wa magunia kadhaa ya dagaa.

Aliyenunua aandike tarehe, bei na namba ya kamera, na anakili picha zake kila wiki mahali pa pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.