Wi-Fi Inapopotea Baada ya Kusasisha Linux: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kununua Adapta Mpya

Tuchukue mfano wa mwenye duka la steshenari lililo jirani na chuo. Kompyuta yake ni ya zamani, na kwa sababu hiyo aliwekewa Ubuntu, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux isiyolipiwa. Jioni moja kompyuta inamwomba ruhusa ya kusasisha programu. Anakubali, anaizima, anafunga duka. Asubuhi anaiwasha na kukuta kila kitu mahali pake isipokuwa alama ya Wi-Fi. Wanafunzi wamepanga foleni wakitaka kuchapisha kazi walizomtumia kwa barua pepe. Anampigia simu mtoa huduma wa intaneti, anaambiwa laini haina hitilafu. Anamwita fundi, naye baada ya kuitazama mashine kwa muda mfupi anasema adapta ya Wi-Fi imekufa, na kwamba ni heri mashine ipigwe Windows upya. Gharama ya kwanza ni ya adapta na ya pili ni ya ufundi. Ya tatu, ambayo hakuna aliyeitaja, ni faili zote za wateja zitakazofutika.

Katika mfano huu mtoa huduma amesema kweli, na fundi amekosea. Adapta ni nzima. Programu iliyokuwa ikiiendesha hadi jana nayo bado imo ndani ya kompyuta, ikisubiri kuchaguliwa.

Kilichobadilika

Adapta ya Wi-Fi haielewani na kompyuta moja kwa moja. Kati yao huwapo programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Katika Linux, kiendeshi hufanya kazi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi: sehemu inayogawa kumbukumbu, inayosimamia vifaa na kuzipa programu nyingine zamu zao. Linux ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, ilikuwa ni kerneli hiyo tu. Mengi tunayoyaona kwenye skrini leo yameongezwa na watu wengine.

Toleo jipya la kerneli hutoka takriban kila baada ya wiki 9 au 10. Wanaoitengeneza wameahidi kwamba programu za kawaida, kama vile kivinjari, zitaendelea kufanya kazi, lakini hawajaahidi kwamba mpangilio wa ndani ya kerneli yenyewe utabaki vilevile. Mfano wake ni mwenye nyumba anayebadilisha vitasa mara kwa mara. Wanaoishi ndani hupewa ufunguo mpya siku hiyohiyo. Aliyepanga banda la uani hurudi jioni akakuta ufunguo wake haufungui. Viendeshi vinavyokuja pamoja na kerneli ndio wakazi wa ndani, kwa kuwa anayebadilisha kitu hulazimika kuvirekebisha pia. Kiendeshi kilichowekwa kando, ambacho fundi alikipakua siku ya kwanza ili adapta ifanye kazi, ndicho mpangaji wa uani.

Mabadiliko haya hutokea hata kwa mtumiaji ambaye hajawahi kuhama toleo la Ubuntu. Ubuntu 22.04 ilitoka ikiwa na kerneli 5.15, lakini watumiaji wengi wa kompyuta za mezani na mpakato walihamishiwa hatua kwa hatua hadi 6.5, na katikati ya mwaka 2024 wakafikishwa 6.8, bila jina la mfumo kubadilika. Mtu husema kwa unyofu kwamba hakubadilisha chochote, na hasemi uongo.

Anza na kerneli ya zamani

Kwanza kabisa, jaribu simu yako kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Ikiwa simu inafungua kurasa, tatizo liko kwenye kompyuta. Ikiwa nayo haifungui, andika tarehe na saa, kisha wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma na uombe namba ya lalamiko hilo. Usiporidhika na majibu yake, ndipo ulilete kwetu.

Ikiwa tatizo liko kwenye kompyuta, iwashe upya. Katika mashine za zamani shikilia kitufe cha Shift mara tu inapoanza kuwaka. Katika mashine mpya bonyeza Esc mara moja tu, kwa kuwa ukiibonyeza mara nyingi utaangukia kwenye skrini tupu ya amri. Menyu itatokea. Chagua mstari ulioandikwa «Advanced options for Ubuntu», kisha uchague kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu kabisa, na uuache mstari unaoishia na maneno «recovery mode».

Wi-Fi ikirudi, umeshajua mambo mawili kwa dakika chache na bila gharama: adapta ni nzima, na kasoro iko kati ya kiendeshi na kerneli mpya. Mwenye duka anaweza kuchapisha kazi za wateja siku nzima akiwa hapo. Tunashauri hatua hii ifanyike hata pale fundi anapokuwa amekwisha kuitwa, tena mbele ya mwenye mashine. Fundi anayekataa kuijaribu kabla ya kufuta mfumo hajakupa sababu ya kumlipa.

Hata hivyo, hapo si mahali pa kukaa kwa miezi. Kerneli mpya huja na marekebisho ya usalama, na anayebaki kwenye ya zamani huyakosa. Vilevile, usiifute kerneli ya zamani kwa ajili ya kupata nafasi kwenye diski mpaka mpya iwe imekubali kufanya kazi.

Intaneti ya muda kwa kebo ya simu

Ikiwa kerneli ya zamani haipatikani, utahitaji intaneti ili kupata kiendeshi, ilhali kiendeshi ndicho kilichokunyima intaneti. Njia ya kutokea ni kebo ya simu. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, na uwashe kipengele cha kushiriki intaneti kupitia USB. Kwa kawaida Linux huitambua simu papo hapo kama mtandao wa waya, wala haihitaji kiendeshi cha Wi-Fi.

Hapa pana jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani au ya dukani, itapitisha Wi-Fi hiyo kwenda kwenye kompyuta, na bando lako la simu halitaguswa. Kabla ya kuanza, hakikisha alama ya Wi-Fi inaonekana juu ya skrini ya simu.

Kuitambua chipu

Jina lililo kwenye boksi la adapta halitoshi. Kinachohitaji kiendeshi ni chipu iliyo ndani, na adapta mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Mfano unaofahamika ni TL-WN722N ya TP-Link: toleo lake la kwanza lilitumia chipu ya Atheros, ambayo kiendeshi chake kimo ndani ya kerneli, na toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, ilhali umbo na jina ni vilevile.

Fungua Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike mojawapo ya amri hizi. Ya kwanza ni ya adapta ya kuchomeka, ya pili ni ya kadi iliyo ndani ya kompyuta:

lsusb
lspci -nnk

Utaona namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Ya kwanza humtaja mtengenezaji, ya pili hutaja kifaa. Kwa adapta za USB, 0bda ni Realtek. Kwa kadi za ndani, 8086 ni Intel na 14e4 ni Broadcom. Adapta yenye chipu ya RTL8812AU, kwa mfano, mara nyingi husomeka 0bda:8812. Ziandike namba hizo, kwani ndizo zitakazokuongoza kwenye kiendeshi sahihi, na ndizo za kumpa fundi badala ya maelezo kwamba «Wi-Fi imegoma».

Ikiwa adapta haionekani kabisa katika orodha hata baada ya kuihamishia kwenye tundu jingine la USB, ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Isipoonekana huko pia, maneno ya fundi kwamba imekufa yataanza kuwa na uzito.

Ukiwa hapo, andika pia rfkill list. Amri hii huonyesha kama redio ya Wi-Fi imezimwa kwa kitufe au kwa programu. Palipo na neno «yes» mbele ya «Hard blocked», tafuta swichi ya kompyuta mpakato kabla ya kuendelea. Tungesikitika mtu ahangaike na viendeshi mchana kutwa kwa ajili ya kitufe kilichoguswa na mtoto.

Kiendeshi ambacho hakikujengwa upya

Viendeshi vya kando huwekwa vizuri zaidi kupitia DKMS, programu iliyobuniwa na wahandisi wa kampuni ya Dell. Kazi yake ni kukijenga upya kiendeshi kila kerneli mpya inapoingia. Ili kujua kama imeifanya, washa kompyuta kwa kerneli mpya na uandike:

uname -r
dkms status

Amri ya kwanza hutaja kerneli inayotumika sasa. Ya pili huorodhesha viendeshi pamoja na kerneli ambazo kila kimoja kimejengewa. Ikiwa 6.5 imo katika orodha na 6.8 haimo, umekipata chanzo. Ikiwa orodha ni tupu ilhali unakumbuka fundi aliweka kiendeshi, basi alikiweka kwa mkono bila DKMS, na tatizo hili litajirudia kila kerneli itakapobadilika.

Sababu ya kawaida ya DKMS kushindwa ni ndogo kuliko madhara yake. Ili ijenge kiendeshi inahitaji faili za maelezo ya kerneli husika, zinazoitwa hedaza na mafundi. Aliyeweka kiendeshi mara ya kwanza mara nyingi huweka hedaza za kerneli ya siku ile tu. Kerneli mpya inapokuja, hedaza zake haziji. Dawa ni kuweka kifurushi ambacho kitazifuatisha hedaza kwa kila kerneli itakayokuja. Kwa Ubuntu 22.04 yenye kerneli 6.8 ni hiki:

sudo apt install linux-headers-generic-hwe-22.04
sudo dkms autoinstall

Washa kompyuta upya. Ikiwa ujenzi umekatika kwa ujumbe wa makosa, maana yake hedaza zipo lakini kiendeshi chenyewe ni kikuukuu kuliko kerneli. Hapo utahitaji toleo jipya la kiendeshi hicho, likichukuliwa kwanza kwenye hazina rasmi ya mfumo wako; kwa chipu ya RTL8812AU, Ubuntu ina kifurushi kiitwacho rtl8812au-dkms. Tunatahadharisha juu ya kunakili amri zinazoanza na neno sudo kutoka mahali usipopajua. Neno hilo huipa amri mamlaka juu ya kompyuta nzima.

Vikwazo vingine vitatu huonekana mara chache zaidi. Kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot hukataa kiendeshi kisichotiwa saini: wakati wa kuweka kiendeshi utaombwa kutunga nenosiri, na kompyuta ikiwaka upya itaonyesha skrini ya bluu inayokutaka uthibitishe ufunguo kwa nenosiri hilohilo. Wengi huipita skrini hiyo kwa hofu, na kiendeshi hubaki kimekataliwa. Pili, chipu nyingine huhitaji faili ya fimwea inayopakiwa ndani yake kila inapowaka. Ujumbe wa kukosekana kwake huonekana kwa amri sudo dmesg, na kifurushi cha linux-firmware ndicho cha kusasisha. Tatu ni kinyume cha yote tuliyoeleza: kerneli mpya huenda imekuja na kiendeshi chake yenyewe, kikagombania adapta moja na kile cha zamani. Kerneli 6.2, iliyotoka mwaka 2023, ilileta uwezo huo kwa chipu kadhaa za USB za Realtek, ikiwemo RTL8821CU. Katika hali hiyo kinachotakiwa ni kukiondoa kiendeshi cha kando, si kuongeza kingine.

Unaponunua adapta

Maneno «inafanya kazi na Linux» yaliyoandikwa kwenye boksi yanaweza kumaanisha tu kwamba mtengenezaji aliweka kiendeshi cha kando cha kerneli ya miaka iliyopita. Muulize muuzaji chipu ni ipi na toleo la adapta ni lipi. Afadhali adapta ambayo kiendeshi chake kimo ndani ya kerneli, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo, kwa kuwa haitakudai fundi kila usasishaji. Omba kuijaribu dukani kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila kuweka chochote.

Mweleze muuzaji kabla ya kulipa kwamba unaitaka kwa ajili ya Linux, na umwombe aandike hivyo kwenye risiti. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Muuzaji akikataa kuipokea adapta ambayo haikuwahi kufanya kazi kama alivyoahidi, lalamiko hilo halimhusu mtoa huduma wa intaneti; hupelekwa Tume ya Ushindani. Lipeleke likiwa na risiti, boksi lenye namba ya toleo, na picha ya skrini inayoonyesha majibu ya lsusb na uname -r.