BETRI YA HELIKOPTA YA RIMOTI: KUITUNZA NA KUJIKINGA NA MOTO

Mwaka huu nimeonelea niwaachie mashairi wenye kipawa chake, nami niandike juu ya kitu ninachokiona kila Jumamosi jioni kikiruka juu ya mabati ya kwetu Kibarani, yaani helikopta ya rimoti. Watoto wanazo, na hata watu wazima wenye ndevu zao wanazo. Lakini betri yake hakuna anayeiuliza habari mpaka ivimbe.

Betri yenyewe ni ya lithiamu, ndugu yake ile ya simu. Betri za lithiamu za kuchaji zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi yao juu yake. Ya helikopta mara nyingi haina ganda gumu. Imefungwa ndani ya karatasi laini ya rangi ya fedha, ili iwe nyepesi. Wepesi huo una bei yake: ukiibonyeza, ukiitoboa au helikopta ikianguka kwa kishindo, hakuna kitu cha kuikinga. Ikijaa huwa na volti 4.2. Volti 3.7 iliyoandikwa juu yake ni ya wastani tu. Haifai kushuka chini ya volti 3.0.

Sasa tufanye hesabu kidogo, wala usiruke aya hii. Tuchukue helikopta ndogo ya gramu 40 yenye betri ya miliampia-saa 150. Tuseme inaruka dakika 7. Dakika 7 ni sehemu 7 kati ya 60 za saa, kwa hivyo 150 ukigawanya kwa 7/60 unapata karibu miliampia 1,286, yaani ampia 1.3. Betri iliyo ndogo kama ukucha wa kidole gumba inatoa umeme ambao ungeimaliza yote kwa dakika 7! Simu yako yenye betri kubwa mara ishirini hainyonywi hivyo hata ukicheza gemu. Ndiyo manake betri ya helikopta hutoka moto, na ndiyo manake haiishi miaka.

Wenzangu wengi huuliza, kwa nini basi tusitie betri kubwa? Fundi mmoja wa simu mtaani kwetu aliulizwa hivyo na mtoto, akacheka tu. Jibu liko kwenye uzito. Helikopta hujishikilia hewani kwa kusukuma hewa chini, na nguvu inayohitajika huongezeka haraka kuliko uzito wenyewe. Ukiongeza gramu 5 kwenye zile 40, ukapata betri ya miliampia-saa 300, nguvu inayotakiwa hupanda kwa karibu asilimia 19. Betri imekuwa mara mbili, lakini muda hauwi dakika 14. Utakuwa kama dakika 11 na nusu, na mota zinachemka zaidi. Kuna vijana waliofunga kwa mpira betri ya simu ya zamani, ile nene ya Nokia, yenye gramu kama 20. Helikopta ilikokota mkia chini kama kuku aliyefungwa mguu. Haikuruka hata kidogo, na ile betri waya zake zilikuwa zimesokotwa tu kwa mkono, bila hata kufungwa utepe. Hapo ndipo hatari inapoanzia, manake waya chanya na hasi zikigusana, betri hupasha moto kwa sekunde chache.

Na upepo nao unakula chaji. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, helikopta hutumia nguvu nyingi kupigana isichukuliwe kuelekea reli na barabara ya Makupa. Mwenye akili huruka mapema asubuhi, bahari ikiwa bado imetulia. Chumvi ya hewa yetu nayo hula vichwa vya shaba vya plagi. Ukiona rangi ya kijani, pangusa kwa kitambaa kikavu. Plagi chafu huzuia umeme, nawe utadhani betri imekufa.

Kitu kinachoua betri kuliko vyote ni kuiruka mpaka helikopta ianguke yenyewe. Ikianza kulegea na kushindwa kupanda, teremsha. Nilipata kupima kwa mita ya volti ya maabara yetu ya fizikia, kwa ruhusa ya mwalimu: betri iliyoteremshwa mapema ilisoma 3.6, na ile iliyorushwa hadi kuanguka ilisoma 2.7 na ilikuwa imevimba upande mmoja. Kwa hivyo mimi hupanga dakika, wala singoji dalili. Kama inaweza dakika 7, mimi huteremsha kwenye dakika ya 5 na nusu. Halafu naiacha ipoe nusu saa kivulini kabla ya kuichaji. Ukiiweka muda mrefu bila kuruka, kwa mfano wakati wa mitihani, iache na volti kama 3.8, nusu na zaidi kidogo. Kuijaza pomoni kisha kuisahau juu ya kabati chini ya mabati ya Februari ni kuizeesha.

Mfano mzuri wa utunzaji si wa hapa duniani. Helikopta Ingenuity ya NASA iliruka juu ya sayari ya Mars tarehe 19 Aprili 2021, kwa sekunde 39. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.8 na betri ya seli sita za lithiamu, ikichajiwa na jua. Sehemu kubwa ya umeme wake haikutumika kuruka bali kujipasha joto usiku, kwa baridi kali ya huko. Ilifanya safari 72 hadi Januari 2024 ilipovunjika mapanga. Sisi shida yetu ni kinyume, ni joto, lakini hesabu ya umeme ni ileile.

Nije kwenye moto. Nyumbani mwa jirani yetu, kijana alikuwa akichaji betri iliyovimba juu ya godoro, saa tano za usiku, watu wote wamelala. Mama yake aliamshwa na harufu kali mfano wa rangi ya kucha. Godoro liliungua pembe moja, na alhamdulilahi hakuna aliyeumia. Nyumba zetu zimebanana. Ukuta wa huyu ni ukuta wa yule.

Msidhani ni wajinga tu wanaopatwa. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 787 ilishika moto ikiwa imeegeshwa uwanja wa Heathrow, London, bila abiria. Wachunguzi walikuta waya za betri ya lithiamu ya kifaa cha ishara ya dharura zilibanwa chini ya kifuniko. Waya mbili tu zilizobanwa! Basi ile betri yenye waya zilizosokotwa kwa mkono itakuwaje?

Chaji betri yako mchana, ukiwa macho, juu ya kigae au ndani ya chungu chenye mchanga, mbali na pazia. Tumia chaja iliyokuja nayo. Ikivimba usiitoboe na usiichaji tena. Ikiwaka, chomoa plagi ukutani kama unaweza kuifikia salama, watoe watoto nje, mwaga mchanga au maji mengi, na usivute ule moshi, una sumu.

Jambo jingine, uwanja wa ndege wa Moi uko ng'ambo tu, kilomita chache kutoka kwetu. Kitoto cha kuchezea hakifiki juu, lakini droni ni habari nyingine: kwa kanuni za 2020 ni lazima isajiliwe na KCAA, na huruhusiwi kuirusha karibu na uwanja wa ndege bila idhini.

Betri iliyokufa usiitupe jaani wala motoni. Mwachie fundi wa simu anayepeleka kwa wanaokusanya taka za umeme. Mombasa tunajua betri inavyoweza kuumiza mtaa mzima: Owino Uhuru watu walidhurika na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, kikafungwa 2014, na Mahakama ya Juu ikaamua 2024 walipwe shilingi bilioni 1.3. Zile hazikuwa za lithiamu, lakini zilitoka pia kwenye vitu tulivyovihesabu takataka.

Zoezi kwa kidato cha tatu: Helikopta ina betri ya miliampia-saa 500 na inatumia ampia 2.5. Ukitaka ibaki na asilimia 20, uteremshe baada ya dakika ngapi? Majibu yaleteni kwenye mkutano wa Chama, Alhamisi.